Koti la viraka

Troyeville, Johannesburg, Jumanne, Mei 2019

Daftari langu, hujambo? Mimi nimerudi salama kutoka Japani kwa binti yangu Neema, Mungu asifiwe.

Neema alinipeleka kwenye makumbusho ya kazi za mikono, ndani ya maghala ya zamani ya mpunga. Mlangoni lazima uvue viatu. Kidole gumba cha mguu kikatokeza kwenye soksi, na mimi ni fundi cherehani.

"Eish, Mama. Soksi nayo, kama koti?"

Koti nililokuwa nimevaa ni la marehemu baba yake. Kila mwaka nalitia kiraka. Tangu nifike kwake alitaka nilitupe.

Ghala la pili, nyuma ya kioo, kuna koti la mkulima, viraka juu ya viraka, na mlinzi wake amesimama. Neema akanisomea maandishi: mke wa mkulima alilitia viraka kwa miaka mingi. Tulipokuwa tunavaa viatu akaniambia:

"Mama, niachie koti la baba."

"Ulisema ni takataka."

"Nilisema."

Nikamwambia nitamwomba Mungu kwanza. Basi naomba. Bwana, nimtumie? Unijibu mapema, Juni inakuja na baridi yake, na sina koti lingine.