Baiskeli ya Mnoa Visu Iko Nyuma ya Mlango Wangu

"Aliyenunua bila kujua hana kosa, kwa hiyo asisumbuliwe." Hayo ameniandikia msomaji mmoja, muuzaji wa vitu vilivyotumika, akinikaripia kwa niliyoyasema hapa juma lililopita kuhusu simu zinazouzwa bila boksi. Ameandika kurasa tatu kwa wino mwekundu, na katika kurasa zote tatu hajamtaja hata mara moja mtu aliyeibiwa.

Nusu ya kwanza ya sentensi yake naikubali. Asiyejua hajaiba. Lakini hilo "kwa hiyo" limebebeshwa mzigo usio wake. Kutokuwa na kosa ni jambo moja, kuwa na haki ya kubaki na kitu cha mtu ni jambo jingine kabisa, na anayeyachanganya ama hajafikiri, au amefikiri sana na kuona faida yake. Sitabishana naye kwa nadharia. Nina barua mezani, naitoa kama ilivyokuja.

*

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili nimelibeba siku kumi na moja na sasa limenishinda, hata kutunga uzi kwenye sindano nakosea.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pamoja na mwenzangu tunayemwita Mama Vifungo, tumepanga chumba kimoja cha mbele, cherehani zetu zinatazamana, na kazi ya kupeleka sare mashuleni ni yangu, zamani nilikuwa nazibeba kichwani mpaka shingo inakataa kugeuka, ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Dili kwa sababu hakosi kitu cha kuuza, akaja nyumbani na baiskeli nyeusi inang'aa, akasema, "Shemeji, hii ni ya mwalimu mmoja amehamishwa, hataki kuhangaika nayo, nikakukumbuka wewe na shingo yako," nami nikacheka, nikaizunguka, nikaipenda, stendi yake nzito ya miguu miwili, ukiisimamisha haitikisiki, nikasema hii ndiyo itakayobeba mabunda yangu, nikanunua, risiti sikuomba, shemeji unamwombaje risiti?

Kilikuwepo kitu kimoja tu cha ajabu, kwenye gurudumu la nyuma, pembeni mwa spoku, palifungwa duara jingine la chuma, dogo kuliko rimu, lina mfereji, na bolti zake zimechomelewa zisilegee, mimi nikadhani ni urembo wa kizamani, nalo likawa linakamata pindo la sketi, siku ya pili likanichania sketi mbele ya lango la shule watoto wanashangilia, nikaipeleka baiskeli kwa mchomeleaji, akaitazama, akaniambia, "Mama, hiki kimewekwa na mtu aliyejua anachofanya, kweli unataka nikikate?" nikamjibu kata, wewe huvai sketi, akakikata, nami nikarudi kwa Mama Vifungo nikijisifu kwamba baiskeli sasa imekuwa nyepesi.

Sasa mshauri, tunaye mnoa visu wetu, mzee tunayemwita Mzee Cheche kwa vile mashati yake yote yana matundu madogo madogo ya cheche, yeye huja kila Jumanne, huingia, huchukua mikasi, huenda kuinolea huko barabarani, huirudisha inakata, na miaka yote minne sisi tunasikia mlio tu, hakuna aliyewahi kutoka nje kuona anatumia nini, basi mzee akapotea wiki nyingi, mikasi ikawa butu, kitambaa kinatafunwa badala ya kukatwa, na mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote, nikasema huyu mzee naye siku hizi kawa mvivu. Mpaka Jumanne ile akaja kwa miguu, begani ana gunia, ndani ya gunia jiwe lake la kunolea, akaketi akipumua, akamwambia Mama Vifungo, "Mwanangu, nina ombi, niazime miguu ya cherehani yako."

Mama Vifungo akasema, "Miguu ya cherehani? Mzee, umeanza kushona?"

"Nilifunge jiwe langu hapo, nikanyage, lizunguke. Baiskeli yangu imeibwa."

"Vumbi la jiwe liingie kwenye mashine yangu? Hapana, Mzee Cheche, hata ungekuwa baba yangu mzazi. Imeibwa lini?"

"Hii wiki ya sita. Jiwe huwa naingia nalo ndani, ndiyo maana limebaki. Lakini jiwe bila gurudumu, mwanangu, hilo ni la kusagia pilipili."

"Ikoje hiyo baiskeli, tukuangalizie?"

"Ya bluu. Stendi ya miguu miwili. Na huku nyuma, kwenye spoku, ina duara la chuma nililolitengenezesha mwenyewe, mkanda unatoka pale unakuja mpaka kwenye jiwe. Huyo mwizi atalishangaa, hatajua la nini."

Mshauri, baiskeli ilikuwa nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka alipoketi, nikanyanyuka kama naenda kuchukua kitambaa, nikatupa juu yake bunda zima la sare za bluu, likaifunika, Mama Vifungo akaniona, akainamisha macho kwenye kifungo chake, na yule mzee hakujua kitu, akanigeukia, akasema, "Wewe mikasi yako ndiyo imechoka zaidi, naanza nayo," akakaa chini akainoa kwa mkono mpaka jioni, mkasi mmoja mmoja, vidole vimechubuka, nami nikaipokea.

Nyumbani nikakwangua chini ya tandiko kwa ncha ya mkasi ule ule, nikakuta bluu. Nikamwambia mume wangu, akasema, "Sasa unataka nini, nimfunge mdogo wangu? Mama yetu nitamwambia nini?" Nikamwendea Dili, akacheka, akasema, "Shemeji, wewe shona. Kwani baiskeli za bluu ziko ngapi duniani?" Nikamuuliza yule mwalimu anaitwa nani, akasema amesahau, ila alikuwa na ndevu. Mume wangu sasa ananishauri tuiegeshe alfajiri mlangoni kwa mzee tukimbie, Dili anasema nimrudishie yeye ataitafutia mtu mwingine, na mimi nilifikiri labda ninyamaze tu, niwe namshonea Mzee Cheche shati jipya kila mwaka bila malipo, maana bila baiskeli kazi ya sare itanishinda, na nikisema nitaitwa mwizi, na ndoa yangu itaingia nyufa. Nishike lipi? Usinitaje jina, mume wangu ndiye anayelinunua gazeti hili.

Fundi wa Sare

*

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa nisome na wewe.

Kwa siku uliyonunua, nakulaumu kidogo. Wewe unayeona pindo lililopinda kwa upana wa uzi ulipelekewa baiskeli yenye rangi mbichi, ya mwalimu asiye na jina, aliyehamishwa kutoka shule isiyotajwa kwenda shule isiyojulikana, ukatulizwa kwa utani kuhusu shingo yako. Ungeuliza maswali mawili tu, hadithi yote ingefumuka. Hata mchomeleaji alikuuliza kwa adabu kama una hakika, ukamjibu kuhusu sketi. Lakini kutokuwa makini si wizi, na mimi simwiti mwizi mtu aliyedanganywa na ndugu.

Nakulaumu kwa lile bunda. Ulinunua bila kujua, ulifunika ukijua. Tangu dakika ile huwezi tena kujificha nyuma ya kutojua kwako, na ndiyo maana sindano inakataa uzi. Hapo ndipo namwonyesha yule bwana wa wino mwekundu kasoro ya hoja yake. Anayemtaka "asisumbuliwe" ni mwanamke aliyeketi na kupokea mkasi kutoka kwa mkono uliochubuka, huku kitu ambacho kingeupumzisha mkono huo kimefichwa hatua mbili tu kutoka hapo. Kama huko ndiko kuachwa kwa amani, yeye anaitaka amani hiyo kwa nani?

Niende kwenye njia zenu tatu. Shati kila mwaka, acha. Mzee Cheche hakuja kwenu kuomba nguo, alikuja kuomba gurudumu. Kumrudishia Dili ni kumwajiri upya. Kabla jua halijazama baiskeli itakuwa na rangi ya tatu na shemeji mwingine atakuwa anachekeshwa. Na kuiegesha mlangoni alfajiri, ambako mumeo anakuona kuwa busara, ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa kunafanana na wema. Mzee ataamka akute baiskeli yake imepakwa rangi nyeusi, chuma chake kimekatwa, bila maelezo. Akikutwa nayo na mtu aliyekwisha sikia kwamba iliibwa, aeleze nini? Kwamba imerudi yenyewe? Mtamrudishia baiskeli na kumwachia maswali yenu ayajibu yeye, na kunoa bado hataweza.

Fanya hivi. Leo usiipande, usiisafishe, usikwangue tena popote. Igeuze juu chini, chini ya ekseli ya pedeli kuna namba zimegongwa kwenye chuma, zinakili. Kaa na karatasi uandike ulinunua siku gani, kwa nani, nani alikuwepo, ulilikata lini lile duara na kwa nani. Andika na Jumanne ile, pamoja na bunda. Usijipunguzie.

Kisha mwendee Mzee Cheche mwenyewe, mikono mitupu, mchana, ukiwa na Mama Vifungo, kwa sababu naye aliona akainamisha macho na ana lake la kujibu. Mwambie kwa sentensi fupi: naamini baiskeli yako ninayo, niliuziwa, nimekata chuma chako, na siku ile ulipokuja niliificha. Usilie mbele yake. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe, naye ndiye aliyeibiwa. Akikasirika, msikilize. Akiuliza kwa nini siku zote hizi, mwambie ukweli, kwamba uliogopa.

Kutoka hapo nendeni pamoja kwa kiongozi wa mtaa, na Jumatatu kituo cha polisi na baiskeli. Usiende peke yako. Mtu anayeingia peke yake na mali ya wizi ni rahisi sana kugeuzwa mwizi kabla hajamaliza kusalimia, lakini aliyekuja na mwenye mali, shahidi na maelezo yaliyoandikwa anasikilizwa. Siwezi kukuahidi kwamba utapewa kiti. Mwache mzee aieleze baiskeli yake kabla hajaonyeshwa, alama zote anazozikumbuka, usimtangulie kwa neno. Ikithibitika, ombeni ipigwe picha na yeye akabidhiwe kwa maandishi, kwa maana kila siku inayolala kituoni ni siku nyingine mzee anasaga chuma kwa vidole.

Lile duara ni deni lako wewe, hata Dili asilibebe. Nenda kwa mchomeleaji atengeneze jingine, Mzee Cheche akiwepo kusema likae wapi. Fedha yako idai kwa aliyekuuzia, na kwake tu. Usithubutu kumwambia mzee "nami nimepata hasara", hata kwa kuguna.

Kuhusu sare, nakuonea huruma bila mzaha, najua uzito wa mabunda. Lakini wewe na Mama Vifungo mnagawana kazi na mapato, mbona shingo ni yako peke yako? Mgawane safari, kodini mkokoteni siku za mzigo mkubwa. Na Jumanne ijayo tokeni nje wote wawili mkaone mikasi yenu inavyonolewa. Mngetoka hata mara moja katika ile miaka minne, baiskeli hii isingelala kwako usiku hata mmoja.

Sasa naomba nafasi niongee na wasomaji wawili.

Dili, najua ukurasa huu utaletewa hata kama hununui magazeti. Sikuiti mwizi, sina ushahidi. Nakutaka umtaje aliyekuuzia, kwa jina, mahali na siku, mbele ya Mzee Cheche. Na kama mtu huyo hayupo, sema hivyo pia, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla shemeji yako hajalazimika kukusemea.

Na wewe mume wa fundi, uliyelinunua gazeti hili asubuhi ya leo: jina la mkeo sijalitaja, lakini umeshajijua. Unauliza utamwambia nini mama yako. Mwambie ulisimama na mkeo. Jumatatu usiende kazini. Mtoe mdogo wako kitandani aje nanyi, ishike hiyo baiskeli kwa mikono yako mwenyewe, uisukume kando ya mkeo mchana kweupe, mpite mbele ya majirani wote mpaka kituoni, na atakayeuliza mnakwenda wapi, umjibu wewe.