Wastani Niliousikia Mimi

Shoga, leo shuleni nimeaibika mbele ya wazazi wote.

Mwalimu kasema, "Bibi, wastani wa mjukuu wako ni themanini na moja." Mimi nikasikia wastani tu. Wastani si ndiyo hivyohivyo, si mzuri si mbaya?

Nikajibu kwa sauti, mtoto yupo pembeni: "Basi sekondari ya juu aisahau, akajifunze kushona."

Wastani, shoga. Kumbe wanajumlisha alama zote halafu wanazigawa kwa idadi ya masomo. Kumbe darasa zima hakuna aliyemshinda.

Mwalimu kanieleza taratibu mpaka nikaelewa. Kugeuka, mtoto keshaondoka.

Nimemkuta nyumbani anatunga uzi kwenye sindano yangu. "Bibi, tuanzie wapi?"

Nimemweleza, hanisikii. Wala halii. Bora angelia.