Firigisi ya Babu Eddie

Thamesmead, London
Jumapili, 6 Julai 2025

Nyanya mpendwa,

Habari za Vihiga? Natumaini wewe na Babu Naftali mu wazima, na kwamba mguu wako umepata nafuu.

Sisi tu wazima, ila Babu Eddie ametutoka. Najua Mama alikupigia Ijumaa, lakini nilitaka kukuandikia mwenyewe, kwa Kiswahili kama unavyopenda. Alikuwa akiicheka redio. Shangazi Jennifer alienda kumtengenezea chai, na aliporudi redio ilikuwa bado inaongea, yeye ametulia.

Kwao Jamaika, mtu akifa watu hukusanyika usiku wa tisa tangu kifo chake kumuaga. Hula samaki wa kukaanga, hucheza domino, muziki ukiwa juu, na watu husimama kusimulia habari za marehemu. Nyumba imejaa vicheko tangu juzi. Sijui niweke uso wangu wapi.

Shida ni hii. Siku niliyomaliza mtihani wangu wa mwisho, Babu aliniambia, "Kageha, nikiondoka, wewe ndiye utasimulia habari zangu. Hawa wengine wataongeza chumvi. Wewe hunyamaza ukatazama." Nikasema sawa, nikidhani ni mzaha. Kumbe alishamwambia kila mtu. Na wewe wanijua, Nyanya. Shuleni jina langu likiitwa nilikuwa nainua mkono badala ya kuitika. Nifanye nini? Ni Jumamosi hii.

Mjukuu wako,
Kageha


Mbale, Vihiga
Jumanne, 8 Julai

Mjukuu wangu Kageha,

Mguu hunisumbua wakati wa baridi tu. Poleni sana, na umpe baba yako pole zetu. Ujumbe wako wa simu niliusoma kimya, kisha nikausoma kwa sauti ili babu yako asikie. Alisema, "Mm." Unamjua.

Usiogope. Wasifu wa marehemu una utaratibu wake. Sema alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa ngapi, akabatizwa wapi, shule, kazi, ndoa, watoto, wajukuu, alivyougua na alivyofariki. Soma polepole, usitazame watu. Huku wote hufanya hivyo, na wanaosinzia huachwa wasinzie.

Mimi nilimwona Eddie mara moja tu, walipoleta mahari ya mama yako. Kuku akipikiwa wageni, firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote hapo. Zamani mwanamke hakuionja kabisa. Tukampa Eddie. Akaitazama, akauliza, "Nani amepika?" Wakanionyesha mimi mlangoni. Akaikata katikati, akainuka, akaniletea nusu kwa mkono wake, wazee wote wakitazama. Nilikuwa nikipika firigisi tangu niolewe, na sikujua ladha yake. Nikaila palepale, nimesimama. Babu yako hakunisemesha mpaka Jumapili kanisani, na hadi leo akisikia jina la Eddie ni "Mm."

Hiyo usiisimulie huko. Ni ya nyumbani.

Nyanya yako


Thamesmead
Jumapili, 13 Julai

Nyanya mpendwa,

Mguu u hali gani? Babu Naftali hajambo? Mimi nina kosa la kukuambia.

Ukumbi ulijaa jana. Nilisimama, nikaanza kusoma wasifu kama ulivyoniagiza. "Edward alizaliwa akiwa mtoto wa nne..." Mzee Cuthbert, mwenzake Babu wa domino, akasema kutoka nyuma, "Binti, tunajua alizaliwa. Tulimwona." Watu wakacheka. Nikaenda kwenye ubatizo. "Maji yalikuwa baridi," akasema tena.

Nilitaka kukaa. Shangazi Jennifer akaninong'oneza, "Si dhihaka, mpenzi. Wanakuitikia. Wakinyamaza ndipo uogope."

Nikakunja karatasi. Nikasema kwamba Babu alikuwa fundi wa lifti, na mtu akikwama ndani alimwimbia kwanza mlangoni kabla ya kushika spana. Nilipokuwa mdogo nilikwama na Mama, Babu akatuimbia vibaya mno hadi nikasahau kulia. Nikasema pia kwamba alikuwa akiiba kwenye domino.

"Rudia hapo," akasema Mzee Cuthbert.

Nikarudia. Kisha maneno yakaniishia, Nyanya, na kilichobaki kichwani kilikuwa firigisi yako. Niliisimulia yote. Ukumbi ukanyamaza, nami nikaogopa kama alivyosema Shangazi. Nilipofika pale ulipoila, Mzee Cuthbert akagonga kete mezani, paa, na meza zote zikafuata. Wanawake wakasimama. Baba hakuwapo siku ile ya mahari, na alikuwa hajawahi kuisikia.

Sasa Thamesmead nzima inakujua. Babu Naftali atakasirika? Niambie ukweli.

Mjukuu wako,
Kageha


Alhamisi, 17 Julai

Nyanya, mguu je? Hujanijibu. Nisamehe.

Kageha


Mbale, Vihiga
Jumapili, 20 Julai

Mjukuu wangu,

Mguu haujambo, acha kujificha nyuma yake.

Nimekawia kwa sababu simu alikuwa nayo babu yako. Aliuona ujumbe wako kabla yangu, akavaa miwani yangu akausoma wote. Hakusema lolote, hata "Mm." Hapo nikajua kuna neno.

Jana akamkamata jogoo mwenyewe. Nikamwuliza, "Tuna wageni?" Akasema, "Wewe pika." Nikapika, nikamwekea firigisi kwenye sahani yake kama siku zote. Akachukua kisu, akaikata, akasukuma kipande upande wangu.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya Eddie," akasema. "Kula."

Firigisi ni ngumu na meno yetu unayajua, kwa hiyo tulitafuna muda mrefu. Mkono wake haujazoea kazi hiyo. Alikata kombo, kipande kikubwa kikawa changu, na hakuomba tubadilishane.

Nyanya yako