Koti la Gunia Nililokuahidi Sitalionyesha

Mama yangu,

Ni wiki tatu tangu tukuzike pale Tetu, juu ya mibuni yako, na kila anayekuja kunipa pole ananiambia nilikuwa binti mwema. Mimi nakunywa chai yangu. Wewe unajua sivyo. Nilikupa ahadi moja, nikaivunja siku ya pili yake, na miaka yote uliyoishi baada ya hapo hatukuizungumzia hata mara moja. Nataka unisamehe. Najua nimechelewa, lakini ukiwa hai niliogopa, nikawa nakuja nyumbani kukuhadithia habari za mvua na ng'ombe wa majirani.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuo cha ushonaji Nairobi nikiwa na kichwa kikubwa. Uhuru ulikuwa na miaka kumi na kitu, nami nilikuwa msichana wa ishirini na moja aliyedhani dunia ilianza siku alipozaliwa. Mwalimu wetu kutoka ng'ambo alikuwa ametuonyesha picha za wasurealisti, wachoraji waliochora ndoto zao bila kuzinyoosha: kiti chenye nywele, samaki aliyevaa koti la harusi. Alitufundisha pia saikolojia kidogo, ile elimu ya akili, kwamba ndoto husema kile mdomo umekataa kusema. Wenzangu walitaka kushona yunifomu za shule. Mimi nikaapa kushona mavazi saba, kila moja kutoka kwenye ndoto ya kweli, mavazi ambayo Nyeri haijawahi kuyaona.

"Ati mnashona ndoto?" uliniuliza. "Na mtu anazipima namna gani?"

Shida ilikuwa kwamba mimi siotangi. Nikilala, nimelala. Kwa hivyo nikaomba zako. Kila Jumapili asubuhi ukikamua, nilikaa juu ya debe na daftari langu, nawe ukanihadithia huku paji la uso umeliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Ulinipa ng'ombe aliyekamuliwa moshi, nikashona gauni la kijivu la wavu linaloanzia kifuani na kuburuta mpaka chini. Ulinipa mkono uliokuota mgongoni, ukawa unalima wakati wewe umelala, nikashona koti la mikono mitatu. Siku hiyo tulicheka mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke. Sijawahi kuwa karibu nawe kama Jumapili zile.

Ya saba uliisema haraka. "Gunia limesimama. Liko na macho mawili. Halisemi, linatikisa kichwa tu." Halafu mikono yako ikasimama kwenye chuchu za ng'ombe. "Hiyo usiandike, Maitu."

Mimi ni msichana wako wa pili, nilipewa jina la mama yako, ndiyo maana uliniita Maitu, yaani mama. Ukiniita hivyo nilikuwa nakutii. Siku hiyo nilifunika daftari tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika.

Nilikuwa nimekodi chumba Majengo, pale mjini Nyeri, nyuma ya msikiti. Huko nikalifua gunia la kahawa mara nne mpaka likalainika, nikalitia bitana nyekundu, nikashona koti refu la kufika miguuni. Kofia yake ilifunika uso wote. Matundu ya macho niliyapiga sindano kwa mkono, polepole, kama mtu anayeshona vitundu vya vifungo. Lilikuwa bora kuliko yale sita mengine. Nasema ukweli, hata leo nasema hivyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho ya mavazi yangu katika ukumbi wa mji, ulikuja bila kunipasha habari, na chupa ya maziwa umeiziba kwa gunzi. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani. Ulipoingia ulikuta koti limevalishwa sanamu ya kupimia nguo, limesimama mlangoni, linakutazama.

Hukupiga kelele. Uliweka chupa chini. Ukavua kitambaa cha kichwa, ukainamisha kichwa, ukapita mbele ya lile koti hatua ndogo ndogo, kisha ukasimama hapo, ukangoja. Nilikuita mara mbili kabla hujanisikia.

Ndipo ukanieleza, umekaa juu ya kitanda changu, sauti iko chini kabisa. Wakati wa Hali ya Hatari askari wa mkoloni walipanga watu mstari, wakaleta mtu aliyefunikwa gunia ili asijulikane, mwenyeji, aonyeshe nani ni Mau Mau. "Akitikisa hivi, unapita. Akitikisa hivi, unapanda lori. Baba yako alikuwa mbele yangu, watu wawili katikati. Wewe ulikuwa tumboni."

Mimi nilijua tu kwamba Baba alichukuliwa na hakurudi. Hakuna aliyewahi kuniambia alichukuliwa namna gani.

"Mama, nilidhani ni ndoto."

"Nilikwambia usiandike."

Na mimi, mjinga, badala ya kukushika mkono nikaanza kubishana nawe. Nikakuambia mgeni anatoka Nairobi, ndiye anayechagua nani atakwenda kusoma ng'ambo, na anatarajia mavazi saba. Ukasema sita ni mengi. Ukasema kuna watu pale mjini watakaoketi kwenye viti vya ukumbi, nao walipita kwenye mstari ule, na wengine labda walilivaa lile gunia. Hapo nikaona aibu. Nikashika mkono wako nikasema, "Sawa, Mama. Sitalionyesha." Ukaniamini. Ulifunga kitambaa chako ukaenda zako, na maziwa uliniachia.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Nilichungulia penye pazia nikitafuta kama umekuja. Sikukuona, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Mavazi sita yakapita. Watu walicheka mkono wa tatu, wakapiga makofi machache ya adabu. Yule mgeni wa Nairobi akaanza kuvaa koti lake. Nilimwona anatafuta mkono wa koti, nikaona ng'ambo yangu inakwenda. Msichana wa kuvaa vazi la saba nilikuwa nimemrudisha nyumbani. Basi nikalitoa koti kwenye sanduku la nguo, nikalivaa mwenyewe.

Ndani ya gunia unasikia pumzi yako tu. Niliona kwa matundu yale mawili, kidogo kidogo: safu ya mbele, halafu ya pili. Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akamvuta mtoto wake magotini. Halafu vichwa vya wakubwa vikaanza kuinama, kimoja baada ya kingine, bila mtu kuambiwa, na vijana wakawa wanageuka huku na huku wakiuliza kuna nini. Sikutoka jukwaani. Mgeni alikuwa amekaa tena.

Ndipo nikakuona. Ulikuwa nyuma, kati ya akina mama wa kanisani. Ulisimama ukaja katikati ya viti, na safari hii kichwa chako hukukiinamisha. Ningeweza kuvua ile kofia. Nilikuwa na muda wa kutosha, ukumbi ule ni mrefu na wewe hukuwa na haraka. Ulipanda zile ngazi mbili, ukanyoosha mkono, ukalifunua gunia.

Ulinitazama. Ukasema polepole, mimi peke yangu nikasikia, "Kumbe ni mtu wa nyumbani."

Nilikwenda ng'ambo, Mama, kama unavyojua. Nilirudi, nikapata jina, na hata wiki hii kuna barua kutoka jumba moja la sanaa huko ng'ambo, wanaliomba lile koti, wanasema lilikuwa mbele ya wakati wake. Wewe hukunifukuza. Ulinipikia kila nilipokuja, ukaniombea, ukaniita kwa jina langu la ubatizo, si Maitu tena. Nikikuuliza asubuhi umeota nini, ulisema, "Nililala tu." Miaka kumi na minne, ulilala tu. Nimewaandikia kwamba hawatalipata. Sijui kama hilo linasaidia kitu, maana wewe hukuniomba niwafiche wazungu, uliniomba niwafiche majirani.

Dada zangu wa kanisa wananiambia ulikuwa umesamehe siku nyingi. Hawajui ninachoomba nisamehewe. Ulipolifunua lile gunia, mgeni alisimama akaanza kupiga makofi, alidhani tumepanga, na vijana wakamfuata, ukumbi ukanguruma. Mkono wako ulikuwa bado umeshika kofia. Na mimi nilitabasamu, Mama. Uliniona.

Pumzika sasa. Sikuulizi tena umeota nini.

Ni mimi, msichana wako wa pili, uliyempa jina la mama yako.