Ukurasa Baada ya Dawa ya Kikohozi

London, 9 Novemba 1761, mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke Whitby.

Dada Dorcas,

Jibini imefika salama, ahsante. Baridi imeanza na magoti yananiuma.

Kitabu chako cha mapishi na dawa za nyumbani kimetoka, jina lako mbele. Lakini karatasi moja imekunjwa vibaya na kurasa zake zimepishana: dawa ya kikohozi cha watoto inaanzia chini ya ukurasa, na ukurasa unaofuata unaanza na vipimo vya sumu ya panya. Msomaji haoni pa kushtuka.

Nilimwonyesha mwenye duka la uchapaji ninakofanya kazi, akacheka. "Mzee Ambrose, mama gani atampa mwanawe sumu ya panya?"

"Yule anayesoma huku mtoto anakohoa mapajani."

"Basi nenda ukawasomee wewe!" Akanifukuza kazi.

Nakala zenu zimeshaondoka na meli ya makaa inayorudi Whitby. Nakusihi, uchane ukurasa huo katika nakala zote. Anza kwa jirani yako Tamsin. Uliandika kwamba mwanawe anakohoa.

Mimi nabisha hodi kwa wanunuzi wa huku, mlango kwa mlango. London ni kubwa, nami nimezeeka. Kile kitanda ulichonitandikia huko Whitby ukingoja nirudi, mpe mwingine. Sitarudi.

Kaka yako,
Ambrose Thackray