Beki wa Igalula

Jumapili, Tabora

Basi ndiyo hivyo. Daktari amesema goti langu halitacheza mpira tena. Mwisho wa kushangiliwa kutoka hapa hadi Kigoma.

Nimerudi nyumbani na hasira, nikamkuta Masanja, beki wa Igalula aliyenikaba miaka yote. Amekuja kwa treni kunijulia hali.

"Kaka, nionyeshe unavyogeuka na mpira. Sijawahi kukuzuia."

Nikamwonyesha uani, nikichechemea. Akakosea, akarudia, akaweza. Aligeuka kama mimi kabisa! Hasira zikaniisha.

Anataka niwafundishe wenzake. Naogopa, sijawahi kufundisha mtu, lakini nimekubali.

Mke wangu akauliza, "Na goti?"

"Kufundisha ni mdomo."

Amecheka, akanitolea viatu vya mpira uvunguni.