Anza na Kitabu cha Tatu

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uinuke ukafunge mlango wa chumba cha walimu. Kama yule mwalimu wa jiografia yupo hapo akinyoosha shingo, ikunje barua hii ukaisomee jikoni kwako. Neno hata moja lisitoke nje. Usimwambie shemeji, nampenda, lakini ukimwambia shemeji jambo la siri ni kama umelibandika ukutani sokoni. Usimsomee hata kipande cha kuchekesha. Ukishafika mwisho utaelewa kwa nini, na hapo utaamua mwenyewe nani ajue.

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile koo lililokukwaruza wakati wa mitihani limepona. Wapwa zangu hawajambo? Yule mkubwa bado anajificha chini ya meza akiitwa kuoga? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unanienda mbio, nusu kwa furaha na nusu kwa woga, na nimeshindwa kuzitenganisha nusu hizo. Chumba changu ni kile kile juu ya duka la fundi cherehani. Mashine yake ikianza, kikombe changu cha chai kinatembea chenyewe juu ya meza.

Dada, nina ombi ambalo najua utalicheka. Nataka usome katuni.

Tafadhali usiitupe barua. Najua wewe ni mwalimu wa hesabu na kwamba wanafunzi wako wanaficha vitabu hivyo ndani ya soksi kwa kukuogopa. Tena sikuambii ununue. Fungua droo ya chini ya meza yako, ile unayotupia vitu ulivyowanyang'anya. Chini ya manati na vioo vya mfukoni utakuta vitabu vya Nguzo. Nilipokuja likizo kukusaidia kupanga karatasi za mitihani niliviona kwa macho yangu, nikameza mate, nikaifunga droo taratibu.

Huenda umeshaona mabango. Filamu ya Nguzo inaanza kuonyeshwa mwisho wa mwezi, na huku kwetu watu wamepagawa. Kila anayejua kusoma anatafuta vitabu ili asiingie sinema kama mgeni kwenye harusi asiyemjua bibi wala bwana. Nami sitaki wewe uingie hivyo. Wewe hasa, dada.

Nguzo ni fundi bomba, mwanamke. Mchana anaziba mabomba yanayovuja, na akisikia watu wamo hatarini, anaenda. Nguvu yake ni moja tu: akishakanyaga mahali akaamua kusimama, hakuna kitakachomsogeza, si gari, si mafuriko, si jeshi. Hapai. Hatoi moto machoni. Hata mbio hajajaliwa; kwenye kitabu cha pili anachelewa kuokoa kiwanda kizima kwa sababu basi halikuja. Nilipofika hapo nilicheka mpaka fundi cherehani akagonga dari yake kwa fimbo.

Sasa sikiliza, maana wageni wote wanakosea hapa: usianze na kitabu cha kwanza. Najua utasema moja hutangulia mbili. Kwenye hesabu, sawa. Lakini kitabu cha kwanza kilichorwa mchoraji akiwa bado anajifunza. Nguzo amevalishwa joho refu linalomkwaza kila ukurasa, na ukitazama vizuri, mkono wake mmoja una vidole sita. Dereva wa ofisini kwetu alianza nacho, akakirusha kiti cha nyuma cha gari na kutangaza kwamba hata yeye anaweza kuchora mtu akianguka. Anza na cha tatu, kinachoitwa Ngazi. Adui wa humo ni Profesa Kimbunga, ambaye amevumisha upepo mpaka mji mzima ukapiga magoti, na sasa anataka kupanda hadi wodi ya watoto ghorofani. Nguzo anasimama kwenye ngazi. Ni hayo tu. Tangu mwanzo mpaka mwisho hasogei hata kidato kimoja, na bado utajikuta hupumui. Ukimaliza, soma cha nne na cha tano, kisha rudi kwenye cha kwanza ukiwa na huruma. Lile toleo maalumu lenye mbwa anayepaa liache lilipo. Hata mchoraji mwenyewe huliombea radhi.

Halafu usisome maneno peke yake kama unasahihisha madaftari. Tazama picha kwanza, ndipo uingie kwenye kiputo, kile kipovu kinachobeba maneno. Kiputo cha mviringo ni maneno ya kawaida, chenye miiba ni ukelele, cha mawingu ni mawazo, na kilichozungushiwa vinukta ni mnong'ono. Lakini kitu ambacho wengi wanakiruka ni ukubwa wa herufi. Ukiona maneno madogo katikati ya kiputo kikubwa cheupe, ujue msemaji anaogopa. Likumbuke hilo. Nitalirudia.

Ofisini, katika kitengo chetu cha malalamiko ya maji, dereva ndiye aliyeniponza. Aliwaambia wenzake wamuulize karani, yaani mimi, kwamba huyu mpole anazijua hadithi hizi kuliko anavyojua njia ya kwao. Basi nikawa mwalimu. Saa ya chakula kaunta inajaa watu wakiniuliza waanze wapi. Dada wa mapokezi alisoma Ngazi akalia, halafu akasingizia vumbi la mafaili. Siku moja bosi wetu, tunayemwita Bwana Kanuni kwa kuwa hata akipiga chafya hutafuta kifungu kinachomruhusu, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Nilianza kuwaza nitavibebea nini vitu vyangu. Akatoa kitabu cha nne chini ya faili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Kimbunga na Nguzo walisoma darasa moja, maana hakulala vizuri kwa ajili ya jambo hilo. Nikamwambia asome mpaka mwisho wa cha tano. Akanishukuru, akaniambia nikitoka nitoke na uso wa mtu aliyekaripiwa.

Na kila mtu anasema yale maneno ya Nguzo, yale yaliyo kwenye mabango. Tarishi akiambiwa avute kiti, anapanua kifua na kujibu, "Bado sijamaliza kusimama!" Wateja kwenye foleni wanayasema. Bwana Kanuni mwenyewe aliyasema kikaoni, akageuka kukohoa.

Sasa nifike kwenye hofu yangu. Mchoraji wa Nguzo ni mama mmoja mcheshi anayekaa chumba kinachotazamana na changu. Nilipohamia hapa nilibandika tangazo kwenye bomba la nje kuwaomba majirani walifunge vizuri. Akalisoma, akaja kugonga mlango, akauliza ni nani mwenye mkono huu. Yeye mkono wake unajua kuchora watu, lakini herufi zake zinalala chali kama walevi. Tangu hapo, dada, ninayeandika maneno ndani ya viputo vyote ni mimi. Kwenye jalada la ndani wameniandika "Mkono", basi. Naye hunilipa. Kanuni za kazi yetu zinasema karani hafanyi kazi nyingine ya malipo bila ruhusa ya maandishi, nami niliogopa kuiomba, kisha nikaogopa kwamba nimechelewa kuiomba.

Matangazo yote ya ofisini nimeyaandika mimi. "Vuta, usisukume." "Tafadhali usiegemee kaunta." Wiki iliyopita Bwana Kanuni alisimama chini ya tangazo la mlangoni akiwa na Ngazi mkononi. Akatazama kitabu, akatazama juu, akatazama kitabu tena. Kisha akanigeukia na kusema kwamba huyu anayeandika humu ana mkono safi sana, laiti ofisi yetu ingempata mtu kama huyu. Akaenda zake! Ningekuwa na akili ningekaa kimya. Badala yake nilibaki baada ya kazi nikayabandua matangazo yote na kuyaandika upya kwa mkono wa kushoto. Asubuhi ofisi ilikuwa kama kuku mwenye wino miguuni amezunguka kuta. Bwana Kanuni akaniita kwa huruma, akauliza mkono umepatwa na nini. Mdomo wangu ukajibu wenyewe kwamba umeteguka. Akanipeleka zahanati kwa gari la ofisi. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kulia, ulio mzima kabisa, umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nimeifungua sasa hivi nikuandikie wewe tu. Dada wa mapokezi ananiuliza kila asubuhi mgonjwa ameamkaje, na anavyokenua meno nadhani anajua.

Unacheka. Cheka, dada. Lakini bado sijasema nilichokusudia.

Mchoraji alipokuwa akimaliza Ngazi alikwama. Kimbunga anamwamuru Nguzo akae chini, na yeye hakujua Nguzo amjibu nini. Alijaribu vitisho, alijaribu matusi, yote yakawa kama makopo matupu. Akaniletea ukurasa na kiputo kitupu, akaniambia niutazame wakati yeye anachemsha chai. Nikautazama. Mwanamke mlangoni pa ngazi, mikono wazi, na nyuma ya sketi yake mtoto aliyejishika. Dada, sikufikiri. Kalamu ilikuwa mkononi.

Unaikumbuka siku ile baada ya kumzika mama, baba mkubwa na shangazi walipokuja kutugawa, mimi niende kwa huyu na wewe kwa yule. Ulisimama kwenye kizingiti na mwiko mkononi, ungali na sare ya shule. Baba mkubwa akakuambia mtoto kaa chini, watu wazima wanaongea. Ukamjibu kwamba bado hujamaliza kusimama. Chakula kikaungua, hukusogea. Shangazi akachoka wa kwanza, akasema basi waacheni, wataona wenyewe. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, wewe na mimi. Niliyaandika maneno yako bila kukuuliza, na sasa mji mzima unayo mdomoni.

Mchoraji nimemweleza yote. Anataka mwishoni mwa filamu liandikwe jina lako kamili, kwamba wewe ndiye uliyeyasema kwanza, na chini yake jina langu badala ya "Mkono". Majina yanatakiwa Ijumaa. Ukikubali, nitaifungua hii bandeji mbele ya Bwana Kanuni na kumwambia kwa mdomo wangu kabla hajaliona jina langu kwenye skrini, lolote na liwe. Ukikataa, maneno yatabaki bila mwenyewe nami nitanyamaza. Sitakulaumu. Ni yako.

Ila usiamue kabla hujafungua droo. Kwenye filamu, nimesikia, mwigizaji anayapiga kelele na muziki unalipuka. Kwenye mabango yana miiba. Kila mtu anayasema kwa kifua. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya sketi yako, dada, usawa wa visigino vyako, na nilivyoviona vinatetemeka sijavisahau. Kwa hiyo tazama nilivyoyaandika mimi. Kiputo ni kikubwa, cheupe, na maneno ni madogo katikati. Hakuna anayejua kwa nini. Utajua wewe.

Nisalimie shemeji bila maelezo, wabusu wapwa zangu, na yule mtoto uliyemnyang'anya kitabu cha tatu mrudishie ukikimaliza, akiwa na bahati akute ulipokunja kona ya ukurasa.

Usinipigie simu ya ofisini, dada wa mapokezi anasikiliza. Usiniandikie ofisini, Bwana Kanuni hufungua barua zote. Piga kwa fundi cherehani, namba yake ipo nyuma ya bahasha, saa ya chakula anapozima mashine, vinginevyo hatasikia. Usijitambulishe. Kama hutaki, mwambie tu fundi kwamba yule kijana wa juu akae, nami nitakaa. Kama unakubali, mwambie yale maneno. Atacheka, atadhani ni mteja mwingine mwenye utani, na atanifikishia vile vile. Yaseme kwa sauti ulivyoyasema siku ile. Siku zote hizi saa ya chakula nitakuwa pale dukani kwake, nimesimama.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa nyuma ya sketi.